Ndoa ya Bomani, Dua ya Nyumbani: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Mbili za Dodoma

Kisa ninachokichambua hapa kinawahusu vijana wawili waliokuja kwangu wakiomba niwafungishe ndoa. Binti ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mjukuu wa mwalimu wa madrasa. Kijana ni Mgogo wa upande wa Bihawana, Mkatoliki aliyekulia katika kwaya ya parokia, na mama yake ni mwanachama wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania. Walijuana kazini, kama wanavyojuana wengi tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016 na kukusanya katika mji mmoja watumishi wa kila mkoa na kila dini. Majina yao nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadili.

Mimi si padre wala si sheikh. Kazi yangu ni kuandaa shughuli za ndoa, za misiba na za kuwapa watoto majina kwa familia ambazo ndani yake kuna dini zaidi ya moja, na kuwa karibu na wanafamilia hao kiroho kabla na baada ya shughuli yenyewe. Katika nchi ambayo sherehe za kitaifa hufunguliwa kwa sala ya askofu na dua ya sheikh, mmoja baada ya mwingine, watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni nyepesi: waitwe viongozi wote wawili jukwaani, kila mmoja aseme lake, na jambo limekwisha. Lakini sherehe ya kitaifa haimwozi mtu. Ndoa humtoa binti wa watu katika nyumba moja na kumwingiza katika nyingine, na kila dini ina msimamo wake kuhusu nani mwenye haki ya kumtoa, kwa nani, na kwa maneno gani.

Vijana walikuwa wamekwisha kulipa kianzio cha ukumbi. Mpango wao ulikuwa kwamba sheikh akae kulia, padre akae kushoto, nami nisimame katikati. Kwamba niwaongoze katika viapo walivyoviandika wenyewe, kisha isomwe Fatiha, ifuatwe na sala ya Baba Yetu, na mwisho nitie saini cheti cha ndoa. Walikuwa wameyaona hayo katika video za harusi za Marekani, ambako wapo wahudumu wa imani mbalimbali waliosomea kazi hiyo, na ambako majimbo mengi humkubali hata mtu aliyepata daraja la uchungaji kwa njia ya intaneti kuwa mfungishaji halali wa ndoa. Niliwaeleza kwamba hata huko nje hali si moja, kwa kuwa katika England na Wales mhudumu wa namna hiyo anaweza kuongoza shughuli nzuri sana, lakini ndoa yenyewe itabidi ifungwe mbele ya msajili.

Kwetu jibu limo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inaitambua ndoa iliyofungwa kiserikali, iliyofungwa kwa taratibu za dini na iliyofungwa kimila, na kiongozi wa dini anayefungisha ndoa sharti awe na leseni kwa kazi hiyo. Leseni hiyo sina, na hakuna dhehebu linaloweza kuniombea, kwa sababu sikuja kwa jina la dhehebu lolote. Cheti chenye saini yangu kingekuwa pambo la ukutani, na siku ambayo mmoja wao angehitaji kuthibitisha ndoa yake mbele ya mwajiri, benki au mahakama, pambo hilo lisingemsaidia kitu. Kwa upande mwingine, sheria hiyohiyo haikuiweka tofauti ya dini miongoni mwa vizuizi vya ndoa. Inataka umri unaofaa, ridhaa ya hiari ya wote wawili, kutokuwepo kwa udugu uliokatazwa wala ndoa nyingine inayozuia, notisi ya siku zisizopungua 21 kwa msajili, na mashahidi wasiopungua wawili. Kwa hiyo ndoa ya bomani ilikuwa wazi kwao, ilimradi waelewe kwamba bomani ndipo watakapooana, na kwamba yatakayofanyika ukumbini yatakuwa ni jambo jingine.

Kuna kipengele kimoja ambacho wachumba wengi hukipita haraka, nacho ni aina ya ndoa. Ndoa iliyofungwa kiserikali huchukuliwa kuwa ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo, ilhali ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo. Niliwashauri wajadiliane jambo hilo kwa maneno yasiyo na mafumbo na walieleze wazi tangu kwenye notisi, hasa kwa kuwa kila mmoja alikuwa amechukulia tu kwamba mwenzake anawaza kama yeye. Katika hili, kwa bahati njema, walikuwa wakiwaza sawa.

Ugumu ulianzia kwenye dini zenyewe, na hapo haukuwa sawa kwa pande mbili. Kanisa Katoliki, katika Mkusanyiko wa Sheria zake wa mwaka 1983, linaihesabu tofauti kati ya mbatizwa Mkatoliki na mtu asiyebatizwa kuwa kizuizi kinachobatilisha ndoa (kanuni ya 1086), lakini ni kizuizi ambacho askofu anaweza kukiondoa kwa kibali. Pia panapokuwa na shida kubwa askofu anaweza kumwondolea Mkatoliki wajibu wa kufunga ndoa kwa utaratibu wa kanisani, mradi ndoa ifungwe kwa namna fulani ya hadharani (kanuni ya 1127, ambayo kanuni ya 1129 inaipeleka hadi kwenye ndoa za watu wa dini tofauti). Maana yake ni kwamba kijana huyu angeweza kufunga ndoa bomani na bado akabaki mtu wa komunyo, iwapo angepata vibali vyote viwili kabla. Kama angekwenda bomani bila vibali, Kanisa lisingeitambua ndoa yake, na mama yake angemwona mwanawe akibaki kwenye benchi kila Jumapili wenzake wanapokwenda kupokea.

Kanuni hiyohiyo ya 1127 inakataza jambo ambalo vijana walilitamani kuliko yote: kwamba padre na kiongozi wa dini nyingine waulize ridhaa ya ndoa kwa pamoja, kila mmoja kwa ibada yake, au kwamba ridhaa irudiwe katika ibada nyingine kabla au baada ya ile ya Kanisa. Baadhi ya wenzangu huiona kanuni hii kuwa ukali usio na sababu. Mimi sioni hivyo. Mtu akiulizwa mara tatu kama anakubali, tena na watu watatu wenye mamlaka tofauti, siku wakigombana hakuna atakayejua kwa uhakika ni jibu lipi lililomfunga.

Upande wa Uislamu hapakuwa na kibali cha kuomba. Qurani, katika Surat al-Maida aya ya 5, inamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke wa Watu wa Kitabu. Lakini kwa mwanamke Mwislamu kuolewa na asiye Mwislamu wanazuoni wa madhehebu yote makuu wameliona ni jambo lililokatazwa, wakitegemea aya ya 221 ya Surat al-Baqara na aya ya 10 ya Surat al-Mumtahina. Laiti dini zao zingekuwa zimebadilishana, binti akawa Mkristo na kijana akawa Mwislamu, mazungumzo ya Kondoa yangechukua sura nyingine kabisa. Kwa hali waliyokuwa nayo hapakuwa na sheikh wa kusoma khutba ya nikaha, wala walii, yaani msimamizi wake wa kiume, wa kumwozesha, na kumwita sheikh aje kukaa kulia kwangu kungekuwa kumtaka aibariki hadharani ndoa ambayo elimu yake inasema si ndoa.

Hapa ndipo mhudumu wa kazi hii hupimwa. Ingewezekana kumwambia binti kwamba Mwenyezi Mungu anaangalia moyo, kwamba mambo mengine ni ya wanadamu, na kumtengenezea maneno matamu yenye sauti ya dini. Sikumwambia hivyo, kwa kuwa sina elimu wala idhini ya kutoa hukumu badala ya wanazuoni wake, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa anaijua hukumu hiyo tangu madrasa. Nilimwambia kwamba shughuli yoyote nitakayoiandaa haitaifanya ndoa yake kuwa nikaha, na kwamba anayo haki ya kuyafikiri hayo kwa utulivu kabla ya kupeleka notisi. Kijana naye alipata fursa ya kusema kama alikuwa tayari kusilimu, akasema hapana. Binti akasema hata yeye hayuko tayari kubatizwa, na kwamba hakutaka mwenzake asilimu kwa ulimi tu ili kuwaridhisha wazee. Waliondoka, wakarudi baada ya muda, wakiwa wameamua kuendelea. Tangu hapo msingi wa kazi yangu ulikuwa mmoja: ndoa ifungwe mara moja tu, mahali pamoja, mbele ya mwenye mamlaka, na mengine yote yawe ni dua, shukrani na chakula, bila neno lolote linaloweza kuchukuliwa na mgeni mwenye akili zake kuwa ni kuoza au kuolewa.

Mahari ilitusumbua kuliko sheria zote za dini. Kwa Wagogo ng'ombe ndio wanaounganisha koo mbili, na mzee wa Kigogo ambaye mwanawe ameoa bila kutoa kitu huona kwamba mwanawe ameiba. Kwa Waislamu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, hata kama kwa desturi wazazi nao hupewa vyao. Upande wa kijana ulimtuma mshenga Kondoa akiwa na ahadi ya ng'ombe na fedha, akarudi navyo vyote, kwa sababu baba wa binti alisema kwamba kupokea mahari ni kuoza, naye hakuwa amemwozesha mtu. Bihawana jibu hilo lilipokelewa kama tusi. Baba mkubwa wa kijana aliuliza kama wanawe ni watu wa kurudishiwa ng'ombe. Nililazimika kueleza pande zote mbili kwamba mzee wa Kondoa hakuwa akiukataa ukoo wa watu wa Bihawana, na kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa kutotimizwa kwa desturi ya mahari hakuibatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine. Hoja ya sheria, lazima niseme, haikumtuliza mzee yeyote. Kilichosaidia ni kuzigawa zawadi. Kilemba cha baba kilibaki Bihawana kikisubiri siku yake. Mkaja wa mama ulipelekwa na akina mama watupu, bila mshenga, na mama wa binti akaupokea kwa kuwa, kama alivyosema, uzazi wake hauna mjadala.

Baada ya hapo nilikwenda kumwona baba nikifuatana na mjomba wa binti, yaani kaka wa mama yake, ambaye ndiye aliyenifungulia mlango. Mzee alinipokea kwa heshima, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu simfukuzi, na wewe sikulaumu. Lakini usiniombe niitikie amina mahali ambapo dini yangu imenikataza." Sikumbembeleza. Nilimuuliza kama anaweza kumwombea binti yake kama binti yake, nyumbani kwake, siku atakapoondoka kurudi Dodoma, bila kutaja ndoa wala mwanamume. Akataka kwanza asikie maneno yatakayosemwa. Mjomba akamsomea dua aliyokusudia kuisoma, dua ya msafiri na ya mzazi kwa mtoto, na mzee akaikubali baada ya kuondoa sentensi moja iliyotaja "nyumba mpya". Binti aliagwa kwa dua hiyo, na baba yake akaitikia. Nimeulizwa kama huo haukuwa ujanja wa kuiingiza baraka ya harusi kwa mlango wa nyuma. Ningekubali shutuma hiyo kama mzee angefichwa kitu. Alijua siku, alijua sababu ya safari, na kila neno lilipita mikononi mwake.

Kibali cha askofu kilichukua muda mrefu kuliko siku za notisi, na kwa kuwa nilishikilia kwamba bomani wasiende kabla yake, tarehe ya ukumbi iliahirishwa na kianzio kikapotea. Katika maandalizi ya kibali hicho kijana alitakiwa aahidi kwamba atafanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa, na binti alitakiwa ajulishwe ahadi hiyo (kanuni ya 1125). Binti alisikiliza, kisha akamuuliza paroko: "Na mimi, Baba, naahidi nini?" Paroko akamjibu kwa unyoofu kwamba Kanisa halimtaki yeye aahidi chochote, ila ajue tu mwenzake ameahidi nini. Nilimshukuru paroko kwa kutolipunguza makali jambo hilo. Ahadi hiyo ni nzito, na heri aliijua mapema ofisini kwa paroko kuliko kuijua akiwa na mtoto mgongoni.

Ndoa ilifungwa bomani siku ya Alhamisi asubuhi, mbele ya mashahidi, bila mapambo. Jumamosi ndipo familia zilipokusanyika nyumbani kwa ndugu wa kijana mjini Dodoma, na ndipo sehemu yangu ilipokuwa. Siku hiyo tuliichagua ili tusiguse swala ya Ijumaa wala misa ya Jumapili, na tulikuwa tumeikwepa miezi ya Ramadhani na Kwaresima. Shughuli ilianza baada ya Adhuhuri na nafasi ya kuswali Alasiri ilitengwa, mkeka na maji ya udhu vikiwa tayari, bila tangazo la kumwonyesha mtu kidole. Nyama ilichinjwa na Mwislamu, na vyombo vya kupikia vilikuwa vipya au vya upande wa akina mama wa Kondoa. Kitimoto haikuhitaji hata kujadiliwa. Divai ilijadiliwa sana, kwa sababu baba mkubwa ni mkulima wa zabibu na kwake mgeni asiyeonjeshwa divai ya Dodoma hajakaribishwa. Tulikubaliana zabibu zenyewe ziwekwe mezani kwa sinia, pamoja na juisi yake, na baba mkubwa akapewa nafasi ya kueleza shamba lake mbele ya wageni, jambo alilolifanya kwa urefu kuliko muda aliopangiwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mfupi. Niliwatangazia wageni kwamba hawa ni mume na mke tangu Alhamisi kwa mujibu wa sheria za nchi, na kwamba hatukuja kuwafungisha ndoa. Viapo vyao tuliviandika upya, tukaondoa kila "ninakupokea" na kila "ninakubali", vikawa ni shukrani kwa wazazi: kijana akamshukuru mama yake na marehemu baba yake, binti akamshukuru mama yake aliyekuwepo na baba yake aliyebaki Kondoa, naye akamtaja kwa jina bila kulia, ingawa shangazi yake alishindwa kujizuia. Paroko alikuja kama mgeni, bila mavazi ya ibada, akasali sala fupi ya kuwashukuru wazazi. Mjomba akaomba dua kwa ajili ya wazazi walio hai na waliotangulia. Fatiha haikusomwa, kwa sababu kwetu sote tuliolelewa katika pwani na bara ya Waswahili Fatiha ikisomwa mbele ya wachumba, watu huondoka wakisema jambo limekubaliwa. Kisha tulinyamaza sote kwa muda kila mtu aombe kwa njia yake, halafu wanawake wa Bihawana wakapiga muheme, na zeze likapokea. Ngoma ya Kigogo ilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Haikuwa kwaya wala kasida, na akina mama wa Kondoa walisimama kucheza bila kuuliza.

Kuhusu malipo, niliandikiana nao gharama za maandalizi mapema, na sikupokea kitu kwa ajili ya mazungumzo ya Kondoa wala ya Bihawana. Mtu anayelipwa ili mzee akubali ana maslahi katika kukubali kwake, na mzee hulijua hilo upesi.

Msaada wa kiroho baada ya harusi umekuwa mrefu kuliko shughuli yenyewe. Ramadhani ya kwanza binti alifunga, na mumewe alijifunza kupika futari. Shida haikuwa jikoni. Shida ilikuwa kwamba aliacha kwenda kwenye darasa la akina mama msikitini kwa kuogopa kuulizwa anaishi na nani na kwa ndoa gani, na upweke huo ulimchosha kuliko saumu. Sikujaribu kuwa mwalimu wake wa dini. Nilimtafutia mwalimu mwanamke, Mwislamu, mtu mzima, ambaye hakubaliani na ndoa ile na alimwambia hivyo siku ya kwanza, lakini anamfundisha na anamtembelea. Pia niliwasukuma wote wawili waandike wosia. Kwa fiqhi iliyozoeleka Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, na mahakama zetu hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu ili kuamua mirathi yake ifuate sheria ipi. Mume na mke wa dini mbili wasioacha maandishi huwaachia ndugu zao ugomvi. Wosia umeandikwa kwa msaada wa wakili.

Sasa binti ni mjamzito. Jina wamekwisha kulichagua, Mariamu akiwa wa kike na Yusufu akiwa wa kiume, majina ambayo Bihawana na Kondoa wanayaita kwa mapenzi sawa. Hapo ndipo makubaliano yao yanapoishia. Kijana anaikumbuka ahadi aliyoiweka mbele ya paroko. Binti anataka mtoto afanyiwe akika, yaani sadaka ya Kiislamu ya kumchinjia mtoto mchanga, siku ya saba, na baba yake, ambaye tangu harusi hajatia mguu Dodoma, ametuma ujumbe kwamba kwa ajili ya akika atakuja. Wameniomba niwaandalie shughuli moja ya kumpa mtoto jina, itakayozibeba pande zote mbili. Nimewajibu kwamba sitaanza kuandaa chochote mpaka kijana amweleze paroko wake, na binti amweleze mjomba wake, kila mmoja kwa kinywa chake mwenyewe, wamekubaliana nini kuhusu ubatizo. Hawajakwenda bado.